Kwa nini simba alimwachia panya?

Jalada halina jina la kitabu. Lina uso wa simba tu, umelijaza lote, naye anatazama kwa pembe ya jicho. Mchoraji wa Marekani, Jerry Pinkney, alikitoa mwaka 2009, na mwaka uliofuata kikampatia Medali ya Caldecott. Ngano yenyewe tunaijua tangu utotoni: simba anamnasa panya, anamwachia, kisha panya anakuja kumtoa simba wavuni. Pinkney ameihamishia Serengeti na kuondoa maneno yote, ikabaki milio ya wanyama.

Nilikikuta kwa mwalimu wa darasa la awali wilayani Bunda, jirani na Serengeti hiyohiyo, na kuna mahali pamoja ndani yake ambapo hapajanitoka kichwani.

Panya yumo kwenye makucha. Unafunua, ameachiwa. Katika ngano tuliyosimuliwa, panya hulia, huomba, huahidi kulipa fadhila. Hapa hakuna ombi wala ahadi. Sababu lazima itoke kwa mtoto.

Mwalimu anasema hapo ndipo anaponyamaza, na kwamba kunyamaza kulimchukua muda kujifunza. Mtoto mmoja akasema simba ameshiba. Mwingine akasema panya ni mdogo mno, hata kwenye jino hafiki. Halafu binti ambaye hakuwa na kawaida ya kunyoosha mkono akasema simba amewakumbuka wanawe. Mwalimu akamuuliza amejuaje. Binti akainuka, akafunua mwisho kabisa wa kitabu, akawaonyesha wenzake simba akitembea na familia yake. Kumbe alishakipekua peke yake.

Ananieleza jinsi kitabu cha namna hii kinavyouawa: mwalimu anaonyesha kidole na kuuliza huyu ni nani, watoto wanaitikia kwa pamoja “simba!”, basi, mazungumzo yamekwisha. Yeye huuliza nini kinaendelea, kisha umeona nini mpaka ukasema hivyo. Swali la pili, anasisitiza, ndilo linalomrudisha mtoto kwenye picha.

Tena picha nazo zina namna yake ya kusomwa. Panya akichorwa mara tatu akikimbia, mtoto ambaye kwao hakuna kitabu huhesabu panya watatu, na ana haki. Mwalimu humshika kidole, wakafuata pamoja: alikuwa hapa, akapita hapa, sasa yuko hapa.

Kitabu ni kimoja, watoto ni wengi. Mwalimu huketi mkekani na kikundi kidogo huku mwalimu mwenzake akiwachezesha waliobaki uwanjani. Siku mwenzake asipokuja, kitabu hakitoki kabatini.

Watafiti wa lugha wametumia kwa miaka mingi kitabu cha chura cha Mercer Mayer, cha mwaka 1969, kusikiliza watoto wa lugha mbalimbali wakisimulia picha zilezile. Darasani Bunda jambo hilo linatokea bila utafiti wowote. Mvulana mmoja alisimulia habari yote ya simba na panya kwa Kisukuma, kwa mikono na sauti, wenzake wakacheka na kushtuka mahali panapostahili. Mwalimu hajui Kisukuma. Darasa hufundishwa kwa Kiswahili, na fomu ya maendeleo inauliza kama mtoto anaweza kusimulia hadithi kwa Kiswahili. Aliniuliza mimi: amwandikie nini?