Dawa Kutoka kwa Bakteria: Faida Iko Mlangoni

Mwekezaji akisikia kwamba kampuni inatumia bakteria kutengeneza dawa, huuliza kwanza wanatoa kiasi gani. Swali la pili, ambalo mara nyingi ndilo huamua gharama, ni hili: bidhaa inatokaje ndani ya bakteria?

Chukua insulini, dawa ya kisukari. Zamani ilitolewa kwenye kongosho za nguruwe na ng'ombe, na karibu tani mbili za viungo vya nguruwe zilihitajika ili kupata aunsi nane za dawa safi. Septemba 1978, kampuni ya Genentech ya California na watafiti wa City of Hope walitangaza kwamba wamepata insulini ya binadamu kutoka kwa bakteria aina ya E. coli waliopandikizwa jeni. Oktoba 14, 1980 hisa za Genentech ziliingia sokoni kwa dola 35, zikapanda hadi dola 88 katika saa ya kwanza, na siku ikafungwa kwa dola 71.25. Aliyenunua kwenye kilele alikuwa ameshapoteza karibu dola 17 kwa kila hisa. Insulini yenyewe, iliyouzwa na Eli Lilly kwa jina la Humulin, ilipata idhini Marekani Oktoba 1982.

Katika njia hiyo insulini hubaki ndani ya bakteria. Lazima wapasuliwe, kisha dawa itenganishwe na protini nyingine nyingi. Ni kama kubomoa ghala ili kutoa gunia moja.

Mwaka huohuo wa 1978, Lydia Villa-Komaroff na wenzake katika maabara ya Walter Gilbert, Chuo Kikuu cha Harvard, walionyesha njia nyingine. Waliunganisha jeni ya insulini ya panya na ile ya penisilinezi, protini ambayo bakteria huivusha utando wake wa ndani. Protini za namna hiyo huanza na kipande kifupi, kwa kawaida cha amino asidi 15 hadi 30, kinachofanya kazi kama hati ya mzigo bandarini: hati ikionekana, mlango unafunguliwa, mzigo ukipita, hati inakatwa. Günter Blobel, aliyegundua kwamba protini hubeba anwani zao, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1999.

Nje ya utando wa ndani protini ni chache, hivyo usafishaji ni rahisi. Lakini mlango una kipimo chake. Mzigo ukizidi hukwama, na mavuno hupungua. Ndiyo maana Lilly iliendelea kuzalisha ndani ya bakteria, huku Novo ya Denmark ikileta mwaka 1987 insulini ya hamira, ambayo hutolewa hadi kwenye maji ya pipa. Njia zote mbili zimelipa.

Kabla ya kununua hisa za kampuni ya aina hii, tafuta majibu matatu: gramu ngapi kwa lita, kiasi gani hupotea katika usafishaji, na nani anamiliki hataza. Bei ya siku ya kwanza haijibu hata moja.