Majeraha ya Meno Mbulu na Hanang: Umri wa Mgonjwa na Umbali wa Daktari

Jino la mwanadamu haliumii kwa namna moja katika kila umri. Mtoto wa miaka 2 aangukapo kifudifudi, mfupa wa taya lake ungali laini. Jino husukumwa ndani au hulegea. Mwanafunzi wa miaka 8 au 9, ambaye mizizi ya meno yake mapya haijakomaa, huweza kupoteza jino zima. Mtu mzima apigwapo, mfupa mgumu hulishikilia jino, na mara nyingi kinachovunjika ni kichwa chake. Kwa sababu hiyo umri wa mgonjwa humwambia tabibu mengi kuliko habari za ajali yenyewe.

Katika wilaya za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara, lipo jeraha linalotangulia hayo yote, kwa kuwa hutendwa kabla jino halijachomoza. Mtoto wa miezi 5 au 6 hushikwa na homa, huharisha na kutapika. Mama huambiwa kwamba mwanawe ana "meno ya plastiki", ambayo wengine huyaita "meno ya nailoni". Mtoto hupelekwa kwa mganga, ambaye huupasua ufizi mahali pa meno ya chonge kwa kisu, kwa msumari au kwa spoku ya baiskeli iliyonolewa, kisha hukichokoa kijino kichanga na kumwonyesha mama. Kitu hicho ni cheupe, laini, tena chateleza. Hakifanani na jino alijualo mtu yeyote. Imani hii si ya Manyara peke yake. Habari zake zimeandikwa katika sehemu nyingi za Tanzania tangu miaka ya 1980, na vilevile Kenya, Uganda, Sudan na Ethiopia.

Ulaini huo si ugonjwa. Kila jino huanza likiwa nyama laini ndani ya taya, kisha madini hujijenga juu yake kidogo kidogo, kuanzia nchani kuelekea mzizini. Chonge la utotoni huchomoza baina ya miezi 16 na 22. Atakayeufungua ufizi wa mtoto yeyote mwenye afya njema katika mwezi wa 6 atakikuta kitu kile kile. Hata uvimbe unaoonekana mahali hapo ni umbo la kawaida la ufizi.

Kwa nini basi ugonjwa huja wakati huo? Katika miezi hiyo mtoto huanza kupewa uji, hutambaa, hutia mkononi na kinywani kila akionacho, na kinga aliyorithi kwa mama yake imekwisha kupungua. Kuharisha kwa namna hii mara nyingi hukoma kwenyewe baada ya siku chache. Mganga basi husifiwa kwa kazi iliyofanywa na siku. Mama aliyeona mtoto wa jirani akipona baada ya kuchokolewa ameona kweli. Alichokosea ni sababu tu, na wasomi nao hukosea hivyo mara nyingi.

Madhara yake ni makubwa. Mtoto aliyekwisha kupoteza maji hupotezwa na damu, na kwa maumivu ya kinywa hukataa kunyonya, ilhali maziwa ya mama pamoja na dawa ya maji ya chumvi na sukari ndiyo matibabu anayoyahitaji. Chuma kichafu huweza kuleta pepopunda au sumu katika damu. Kikitumiwa kwa watoto wengi huweza kueneza virusi. Tena chonge la ukubwani huanza kupata madini yake katika mwezi wa 4 au wa 5, likiwa karibu kabisa na lile linalochokolewa. Mwanafunzi wa Katesh au Dongobesh ambaye chonge lake halikuota, au limeota likiwa na kasoro, huenda anabeba jeraha la zaidi ya miaka 10 iliyopita ambalo yeye mwenyewe halikumbuki.

Jino la ukubwani likichomoka zima shuleni, saa huhesabiwa kwa dakika. Mzizi umefunikwa na chembe hai ambazo hufa zikikauka, na nusu saa ya kwanza ndiyo yenye tumaini kubwa. Jino lishikwe kichwani, lisishikwe mzizini. Lisuuzwe kwa maji safi bila kusuguliwa, lirudishwe tunduni palepale, na mtoto aume kitambaa. Isipowezekana, litiwe katika maziwa yasiyoganda, ambayo kwa wafugaji wa Hanang hayako mbali. Jino la utotoni halirudishwi, maana huweza kulidhuru lile linalolifuata. Hospitali ya Haydom, wilayani Mbulu, iliyofunguliwa mwaka 1955, hupokea wagonjwa wa Mbulu, Hanang na hata Singida. Lakini kwa vijiji vingi mwendo wa kufika huko ni wa saa nyingi. Kwa hiyo mkono wa kwanza ni wa mwalimu.

Kwa vijana siku hizi pikipiki ndiyo huleta majeraha mazito ya taya na meno pamoja. Kwa wazee, jino lililolegezwa na ugonjwa wa fizi hutoka kwa kishindo kidogo tu.

Nani atawatibu wote hawa? Kabla ya mwaka 1979 Mtanzania aliyetaka udaktari wa meno alikwenda kusoma ng'ambo. Mwaka huo mafunzo yalianza Muhimbili, wakati huo ikiwa chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kijana husoma miaka 5, hufanya kazi mwaka mmoja chini ya usimamizi, kisha huchagua: mjini au wilayani, kunyoosha meno au kupasua taya, ualimu au kliniki binafsi. Wengi huvutwa na mji, wala si kwa tamaa ya fedha pekee. Daktari asiye na kiti, umeme wa kutegemewa wala picha za eksirei hubaki kung'oa meno asubuhi hadi jioni, na ujuzi wake mwingine hufifia. Ndiyo maana mzigo wa wilayani umebebwa zaidi na matabibu wa meno waliosoma vyuo vya Mbeya na Tanga.

Hata hivyo njia ya kuziba meno kwa vyombo vya mkono bila umeme ilianza kujaribiwa Dar es Salaam katikati ya miaka ya 1980, na mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani liliitangaza. Saruji inayotumika katika njia hiyo huweza pia kufunika kwa muda jino lililovunjika, hata katika zahanati isiyo na taa.

Jeraha la mtoto mchanga, ambalo ndilo zito kuliko yote, halihitaji daktari wa meno ili lizuiwe. Katika ratiba ya chanjo mtoto huletwa akiwa na wiki 6, 10 na 14, kisha akiwa na miezi 9. "Meno ya plastiki" huonekana katika pengo hilo la mwisho. Muuguzi anayechanja wiki ya 14 anaweza kumwonyesha mama, kwa kidole chake mwenyewe, mahali ufizi utakapovimba.