Aliyerudi Hakuwa Amekufa

Mwezi Julai 1905, watu wa Nandete, katika vilima vya Umatumbi karibu na Kipatimu, waling'oa pamba ya Mjerumani, na Vita vya Maji Maji vikaanza. Dawa ya Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe, iliyoaminiwa kugeuza risasi kuwa maji, kila mwanafunzi anaijua. Fundisho lake jingine halitajwi sana: kwamba wahenga hawakupotea, wako kwa mzimu Bokero huko Rufiji, nao watarudi. Masimulizi ya wazee yaliyokusanywa na mwanahistoria Gilbert Gwassa miaka ya 1960 yanasema Kinjeketile mwenyewe alizama majini, ndugu zake wakamtafuta bila kumpata, na kesho yake akaibuka nguo zikiwa kavu.

Dai la dawa lilipimwa kwa bunduki, na watu wakateketea. Dai la wahenga bunduki haiwezi kulipima. Hospitali je?

Mwaka 2001 daktari wa moyo wa Uholanzi, Pim van Lommel, na wenzake walichapisha habari za wagonjwa 344 ambao mioyo yao ilisimama wakafufuliwa. Kati yao 62 walisimulia mambo waliyoyapitia: nuru, jamaa waliokwisha kufa, kujiona wako nje ya mwili. Van Lommel anaona hapo dalili kwamba fahamu hazizalishwi na ubongo. Mimi sishawishiki. Moyo ukisimama, mawimbi ya ubongo hutoweka ndani ya sekunde chache, lakini seli zake hazifi papo hapo. Tena mwaka 2013 Jimo Borjigin wa Chuo Kikuu cha Michigan alionyesha kuwa ubongo wa panya huchangamka kwa takriban sekunde 30 baada ya moyo kusimama. Na nani ajuaye kumbukumbu ile iliundwa saa ngapi? Huenda ni wakati wa kuzinduka.

Wote 62 walisimulia kwa ubongo uleule waliokuwa nao kabla. Aliyekufa ubongo hajarudi kutoa ushahidi.

Mkenya John Mbiti, katika kitabu chake cha 1969, aliwaita marehemu wanaokumbukwa bado kwa majina yao wafu walio hai. Uhai huo ni wa kweli, nami nauheshimu, ila unakaa katika vichwa vya wanaofanya tambiko. Roho kubaki ni jambo la imani, msikitini au kanisani. Asiyekuwa na imani hiyo hawezi kulazimishwa na takwimu za wagonjwa wa moyo. Kwa ushahidi uliopo, fahamu huzimika pamoja na ubongo.