Diski ikifungua ukurasa na kivinjari kikajifunga

Baadhi ya misamiati na rekodi za lugha zetu zimehifadhiwa kwenye diski, zikiwa zimepangwa kama kurasa za wavuti: unaingiza diski, ukurasa wa kwanza unafunguka wenyewe, unabofya neno na kulisikia. Siku kivinjari kinapofunguka na kujifunga papo hapo, wengi wetu husema diski imekufa. Inawekwa kando, pamoja na sauti za wazee ambao baadhi yao hawapo tena. Mara nyingi sauti hizo bado ni nzima. Kinachotakiwa ni kujua kosa liko wapi kati ya mahali patatu: diski, kivinjari au ukurasa.

Kwenye diski, Windows husoma faili fupi ya maandishi iitwayo autorun.inf. Ndani yake, amri ya open huita programu, si ukurasa; hivyo open=index.html huleta ujumbe wa kosa. Inayofaa ni shellexecute=index.html, ambayo hukabidhi ukurasa kwa kivinjari kilichochaguliwa kwenye kompyuta.

Njia ninayotumia ni hii. Kwanza ninafungua kivinjari, kisha ninaburuta index.html ndani yake. Ukurasa ukitulia, ninachunguza autorun.inf. Kivinjari kikijifunga tena, ninanakili diski yote kwenye folda ya kompyuta bila kubadili majina wala mpangilio wa faili, kwa sababu viungo vya kurasa hutegemea mpangilio huo. Ukurasa ukifunguka vizuri kutoka folda hiyo, ninashuku usomaji wa diski: pengine ina mikwaruzo. Kosa likibaki, ninajaribu kivinjari kingine, au kilekile baada ya kuzima viongezi vyake.

Kikianguka nacho, ninaugeukia ukurasa. Kwenye diski moja ya msamiati niliyoishughulikia, ukurasa wa kwanza uliita rekodi zote kwa pamoja, na kumbukumbu ya kompyuta ikalemewa. Katika nakala niliongeza preload="none" kwenye kila alama ya audio, ili kivinjari kisipakie sauti kabla msomaji hajaibofya.

Jambo la mwisho: tangu Windows 7 ya mwaka 2009, autorun.inf haianzishi chochote kwenye kijiti cha USB. Anayehamishia rekodi huko aweke pia faili ya maandishi yenye sentensi moja: «Fungua index.html.» Sentensi hiyo itamsaidia atakayekuja baada yetu.