Zawadi za Ugenini na Kitabu cha Nyumbani

Siku ya Alhamisi, tarehe 7 Oktoba 2021, Akademi ya Uswidi ilitangaza ya kuwa zawadi ya Nobel ya fasihi amepewa Ndugu Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja. Shangwe zilienea hapa petu, na ilikuwa haki zienee. Lakini wengi tulioshangilia tulikuwa hatujasoma hata ukurasa mmoja wa kazi yake, na sisi wa magazeti tumo katika hesabu hiyo.

Hesabu ya zawadi zake yastahili kutazamwa. Alizaliwa mwaka 1948, akahamia Uingereza akiwa kijana baada ya Mapinduzi ya 1964, na riwaya yake ya kwanza haikutoka hadi 1987. Riwaya ya nne, Paradise, ya mwaka 1994, iliingia katika orodha ya mwisho ya zawadi ya Booker. Zawadi akaichukua James Kelman wa Scotland. Zawadi ya Whitbread nayo ilimfikisha mlangoni ikamwacha hapo. Mwaka 2001 By the Sea ilitajwa katika orodha ya awali ya Booker, haikuvuka. Redio ya Kimataifa ya Ufaransa ndiyo iliyompa zawadi mwaka 2007 kwa kitabu hicho hicho, kilipokwisha kufasiriwa kwa Kifaransa. Mwaka 2021 wenyewe, Afterlives ilitajwa katika orodha ya zawadi ya Orwell, ikakosa. Miezi michache baadaye ikaja Nobel, pamoja na krona milioni 10 za Uswidi, naye ana riwaya kumi mkononi.

Twasema haya si kwa kuwacheka waamuzi wa London. Waamuzi ni watu, na Kelman ni mwandishi wa watu wa kazi. Ila twauliza: ni nani aliyepaswa kuijua kwanza thamani ya Paradise?

Kisa chake ni cha Yusuf, mtoto wa miaka kumi na miwili, ambaye baba yake anamkabidhi kwa tajiri Aziz. Mtoto humwita tajiri yule mjomba. Baadaye, dukani pwani, Khalil anamfumbua macho: hapana ujomba, yeye ni rehani ya deni la babaye, na atatumika bila ujira mpaka deni liishe. Tena kuna misafara ya bara, na Wajerumani wanaokaribia. Msomaji wa Ulaya huyaona hayo kuwa mambo ya mbali. Mfanyakazi wa hapa, ambaye pengine babu yake alibeba mzigo katika njia zile, hahitaji kuelezwa rehani ni nini.

Naye ndiye aliyengojea kupita wote. Fasiri ya Kiswahili, Peponi, kazi ya Dkt. Ida Hadjivayanis, ilitolewa na Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam mwaka 2022. Ni miaka 28 tangu kitabu kitoke kwa Kiingereza! Watu waliomo kitabuni walikuwa wakisema Kiswahili muda wote huo.

Wako wanaodai ya kuwa mtu huyu si wetu, kwa kuwa anaandika Kiingereza na makao yake ni ugenini. Kuhusu lugha, dai lao lina uzito, wala hatulipuuzi. Kuhusu makao, twalikataa: mtu hakimbii kwao kwa anasa, na jambo hilo ndilo aliloliandika maisha yake yote.

Mwaka 2022 ilianzishwa Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, kwa kazi za Kiswahili. Twaiunga mkono kwa moyo wote. Lakini zawadi humlisha mwandishi mmoja. Kitabu chataka rafu na msomaji. Twaomba maktaba za mikoa na matawi yenye vyumba vya kusomea yaweke Peponi. Na wewe, ndugu mfanyakazi, utokapo kazini pita ukakiulize. Ukiambiwa hakipo, omba jina lako liandikwe ya kuwa umekitaka.