Tusikifute Tusichokielewa

Ukishuka katika kituo cha Adams Arcade Jumamosi alasiri, huna nafasi ya kufikiria nyota. Makondakta wanaita abiria wa Dagoretti na Karen, wachuuzi wa mitumba wanapita na marobota yao kuelekea soko la Toi, na Barabara ya Ngong haina hata dakika moja ya kimya. Usiku nao ukiingia, taa za maduka na za magari huipaka mbingu ya mtaa huo rangi ya kutu. Hata hivyo, ni papo hapo, katika chumba kimoja cha ghorofani, ambapo mimi mwalimu wa isimu niliyezoea kusimama mbele ya ubao niliketi dawatini ili nifunzwe kusafisha picha za nyota.

Nasema "kusafisha" kwa makusudi. Enzi za filamu, mtu alipeleka ukanda wake studioni ukasafishwe katika chumba cha giza, ndipo sura za watu zikajitokeza. Leo chumba cha giza kimehamia ndani ya tarakilishi, lakini neno lingali lafaa. Picha ya nyota haitoki kamerani ikiwa tayari. Hutoka nyeusi, ina madoa machache meupe, na juu yake zimetapakaa chenga mfano wa zile tulizoziona kwenye televisheni stesheni ilipofunga matangazo.

Wakufunzi wangu walikuwa wawili, wote wadogo kwangu kwa umri: mhandisi mmoja na mwalimu wa fizikia wa shule ya upili. Somo lao la kwanza lilikuwa hesabu. Mwanga wa nyota ni hafifu na chenga ni nyingi. Kwa hiyo haipigwi picha moja, bali hupigwa picha mia. Katika kila picha nyota ni ile ile, ilhali chenga hubadilika ovyo. Picha hizo zikipandanishwa na kutafutiwa wastani, chenga hupungua kwa kipeuo cha pili cha idadi yake: picha 4 huzipunguza hadi nusu, picha 16 hadi robo, na picha 100 hadi sehemu moja ya kumi.

Somo la pili lilikuwa kuijua kamera yenyewe. Hupigwa picha nyingine lenzi ikiwa imefunikwa, kwa muda ule ule na katika joto lile lile, ili yafahamike madoa ambayo kamera huyazua yenyewe. Hupigwa tena picha za kitambaa cheupe chenye mwanga sawasawa, ili lionekane vumbi lililoganda kwenye kioo na giza linalojikusanya pembeni. Isitoshe, kamera husogezwa kidogo baada ya kila picha chache. Kwa njia hiyo, doa linaloandamana na nyota ni la mbinguni. Linalobaki pale pale katika kamera ni la kamera.

Niliposikia hayo nilitabasamu, kwa kuwa ndiyo kazi ya mhakiki wa miswada ya tenzi za kale. Kila mnakili ana makosa yake, lakini ni nadra wanakili kumi walioishi mbalimbali kukosea mahali pamoja kwa namna moja. Nilijiona nimekwisha kufuzu. Kumbe kiburi ndicho chenga kigumu zaidi kusafisha.

Mwezi wa Januari tulisafiri hadi kando ya barabara ya Magadi, ng'ambo ya milima ya Ngong, ambako taa za jiji hazifiki kwa nguvu. Tulikipiga picha Kilimia, kila picha kwa muda wa dakika moja, mpaka zikatimia 100. Nilikichagua kwa sababu ya jina lake. Kundi hilo la nyota limeitwa hivyo kwa kitenzi "kulima", na wazee wa pwani walilitazama ili wajue majira ya kilimo. Methali yao ingalipo: Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua.

Wiki mbili baadaye niliileta kazi yangu Adams Arcade. Nyota zilikuwa kali kama sindano, na mbingu nyeusi kama lami. Mwalimu wa fizikia aliitazama kwa muda mrefu.

"Mwalimu, ile rangi ya buluu iliyozizunguka nyota umeipeleka wapi?"

"Nimeifuta. Ilikuwa vumbi."

"Naam, ni vumbi," akajibu kwa upole, "lakini si la lenzi yako. Ni la huko huko. Nyota zinapita katikati yake, nalo linarudisha mwanga wao."

Hakunitaka nimwamini kwa maneno matupu. Aligawa picha zangu mafungu mawili, 50 za mwanzo na 50 za mwisho, akayasafisha mbalimbali. Buluu ile ilijitokeza katika mafungu yote mawili, mahali pale pale miongoni mwa nyota, ijapokuwa kamera ilikuwa imesogezwa. Nilijiinamia. Mwanga ule ulianza safari takriban miaka 440 iliyopita, kabla ya Wareno kuanza kuijenga Ngome ya Yesu pale Mombasa mwaka 1593. Umesafiri muda wote huo, nami nikaufuta kwa kidole kimoja kwa sababu sikuutarajia.

Msomaji mpenzi, usiku ule sikuwaza nyota. Niliwaza kalamu nyekundu. Kabla ya kujiunga na chuo kikuu nilifundisha katika shule moja ya upili, na darasani mwangu alikuwamo kijana kutoka Lamu. Katika insha yake aliandika "ndia" badala ya "njia", na "ndaa" badala ya "njaa". Nilikata maneno hayo yote na kumpunguzia alama mbili. Miaka ilipopita ndipo nilipojifunza kwamba palipo na "nj" katika maneno kama hayo ya Kiunguja, lahaja za kaskazini husema "nd", kwa utaratibu usioyumba. Ushahidi ulikuwa mbele yangu katika insha ile ile: jambo lilijirudia mahali palipostahili. Chenga hazijirudii hivyo. Nilikuwa na haki ya kumfundisha Kiswahili sanifu. Sikuwa na haki ya kuiita lugha ya mamaye uchafu.

Wala si mimi peke yangu niliye katika hatari ya kuona nitakacho na kufuta nisichokitaka. Wanasayansi waliotangaza picha ya kwanza ya shimo jeusi, tarehe 10 Aprili 2019, walijigawa kwanza katika makundi manne yaliyofanya kazi bila kushauriana, kisha wakalinganisha matokeo. Ikiwa mabingwa hao walijihofu nafsi zao, mwanagenzi anapaswa kujihofu zaidi.

Kuna jambo jingine linalotuhusu sisi Wakenya. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya maadhimisho ya miaka 7 ya taifa letu, setilaiti ya kwanza iliyotengwa kwa uchunguzi wa eksirei kutoka angani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Iliitwa Uhuru. Pwani ilikuwa yetu na neno lilikuwa letu, lakini takwimu zake zilisomwa Marekani. Leo kisingizio hicho kimepungua. Picha ghafi nyingi za darubini za Hubble na James Webb ziko wazi kwa mtu yeyote, na programu za kuzisafisha, kama Siril, hupatikana bila malipo. Shirika la Travelling Telescope, lililoasisiwa na Susan Murabana na Chu Owen, limewapelekea wanafunzi wa shule zetu darubini wakaitazama mbingu kwa macho yao. Kinachoadimika ni mkufunzi wa kuketi kando ya mwanafunzi na kumwuliza: hiki umekifuta kwa nini?

Tarakilishi haitakuuliza swali hilo. Itakutii tu, hata unapopotea. Kwa hiyo nawasihi walimu wenzangu: kila mmoja wetu atafute chumba kimoja ambamo yeye ndiye asiyejua, akae humo mpaka akosolewe. Nanyi wanafunzi, hifadhini picha ghafi kabla ya kuanza kazi, ili kosa lenu liweze kurekebishwa.

Mimi niliihifadhi yangu, na buluu ya Kilimia nimeirejesha. Ile insha sikuihifadhi. Kijana yule sasa ni mtu mzima, wala sijui aliko. Ikiwa anasoma gazeti hili, namwomba radhi. Zile alama mbili bado ni deni langu.