Namba Moja kwa Mwanachama Mmoja: Kusafisha Daftari Lililomo Katika Kompyuta

Tangu waasisi wa Rochdale, huko Uingereza, walipofungua duka lao mwaka 1844, ushirika umesimama juu ya kanuni kwamba kila mwanachama ana kura moja. Kanuni hiyo haiwezi kutimizwa iwapo daftari la wanachama lenyewe halisemi kweli. Mtu aliyeandikwa mara mbili aweza kulipwa mara mbili. Na watu wawili wakipewa namba moja, mmoja wao hupokea haki ya mwenziwe. Aidha, pale ambapo masharti ya chama yanapima akidi kwa sehemu ya wanachama wote, majina yaliyorudiwa huongeza idadi hiyo bure, na mkutano halali waweza kuonekana haukutimia.

Vyama vingi vimekwisha kuhamisha madaftari yao kutoka vitabuni hadi kwenye kompyuta. Hapana budi ieleweke kwamba kosa la kitabuni halipotei kwa kuhamishwa. Hunakiliwa pamoja na mengine yote. Madhumuni ya makala haya ni kueleza jinsi ya kuliondoa kosa la kurudiwa kwa namba, na jinsi ya kulizuia lisirudi.

Sharti la upekee ni nini

Kanzidata nyingi zinazotumika leo hufuata mfumo alioueleza Edgar F. Codd wa kampuni ya IBM mwaka 1970. Katika mfumo huo kumbukumbu hupangwa katika majedwali. Kila mstari wa jedwali la wanachama ni habari za mwanachama mmoja, na kila safu ni aina moja ya habari: namba, jina, kijiji, hisa. Jedwali jingine, la mapokezi ya mazao, hutaja ni mstari upi wa jedwali la wanachama unaohusika na kila mzigo uliopimwa.

Kanzidata yaweza kuagizwa kwamba katika safu fulani thamani yoyote isionekane zaidi ya mara moja. Agizo hilo ndilo sharti la upekee. Wako wanaodhani kwamba yatosha programu ya kuandikisha itafute namba kwanza, kisha iandike. Haitoshi. Makarani wawili, kila mmoja katika ghala lake, waweza kuuliza kwa wakati mmoja kama namba 418 iko wazi. Wote wawili wataambiwa ndiyo, na wote wataiandika. Kanzidata pekee ndiyo inayoona maandishi yote yanapoingia, nayo humkataa wa pili.

Jedwali likiwa tupu, kuweka sharti hilo ni kazi ndogo. Likiwa tayari na mistari elfu kadhaa, kanzidata huikagua yote kwanza, na ikikuta hata jozi moja iliyorudiwa, hukataa amri nzima. Kwa hiyo usafi hutangulia, sharti hufuata.

Hatua za kufuata

1. Kuweka nakala ya akiba. Kabla ya kugusa chochote, kanzidata nzima inakiliwa, na nakala hiyo inajaribiwa kama yafunguka.

2. Kusawazisha maandishi. Ikiwa namba zimehifadhiwa kama maandishi, basi «0417», «417», na «417» yenye nafasi mwishoni vyaweza kuwa vitu vitatu tofauti mbele ya mashine. Andiko moja lichaguliwe, na namba zote zigeuzwe zilifuate. La sivyo namba zilizorudiwa zitajificha.

3. Kuhesabu. Fundi huiagiza kanzidata ikusanye mistari kwa namba, ihesabu kila kundi, na ioneshe makundi yenye mistari zaidi ya mmoja. Orodha hiyo ichapishwe, na Katibu aishike mkononi.

4. Kuamua. Hatua hii ni ya watu. Kila jozi ilinganishwe na kitabu cha zamani, fomu ya kujiunga na stakabadhi za hisa, kwa maana ziko aina mbili za kurudiwa:

(a) Mtu mmoja ameandikwa mara mbili. Hapa mistari huunganishwa kuwa mmoja.

(b) Watu wawili wamepewa namba moja. Hapa hakuna mstari wa kufutwa hata kidogo. Mmoja hupewa namba mpya, hujulishwa kwa barua, na stakabadhi zake hurekebishwa.

Jina pekee lisiwe ushahidi. Katika vijiji vyetu wajukuu hurithi majina ya babu zao, na si ajabu kukuta watu watatu wenye jina moja. Namba ya simu nayo haitoshi, kwa kuwa simu moja hutumiwa na nyumba nzima.

5. Kuhamisha kabla ya kufuta. Tuseme mwanachama wa namba 417 yumo katika mstari wa 1052 na tena katika mstari wa 2318. Mapokezi ya kilo 320 yameunganishwa na mstari wa kwanza, na kilo 180 na mstari wa pili. Mtu akifuta mstari wa 2318 kwa haraka, moja ya mambo matatu hutokea kulingana na jinsi majedwali yalivyofungamanishwa: kanzidata hukataa, au zile kilo 180 hubaki bila mwenyewe, au hufutwa pamoja na mstari, na mkulima hupoteza jasho lake. Njia sahihi ni kuyahamisha kwanza mapokezi, hisa na mikopo yote kwenda mstari wa 1052, kuhakikisha jumla yake sasa ni kilo 500, ndipo mstari wa 2318 ufutwe. Jumla ya kilo na hisa za chama kizima iandikwe kabla ya kazi na baada ya kazi. Zikitofautiana hata kwa kilo moja, kazi irudiwe kutoka kwenye nakala ya akiba.

6. Kuweka sharti mara moja. Uandikishaji usimamishwe tangu usafi unapoanza hadi sharti linapowekwa, ili namba nyingine isijipenyeze katikati. Katika PostgreSQL usafi na sharti vyaweza kufanywa ndani ya muamala mmoja, ambao hukubaliwa wote au hukataliwa wote. Katika MySQL amri ya kubadili jedwali huufunga muamala papo hapo, kwa hiyo tahadhari iwe kubwa zaidi.

Mambo ya kuangaliwa

Yapo maombi ya kutaka kompyuta ijifutie yenyewe mistari iliyorudiwa. MySQL ya zamani ilikuwa na amri iliyoweka sharti na kuitupa mistari ya ziada bila kuuliza. Amri hiyo iliondolewa katika toleo la 5.7. Mashine haijui ni mstari upi wenye hisa za kweli.

Safu isiyojazwa nayo ina taratibu zake. Namba ya kitambulisho cha Taifa inayotolewa na NIDA, yenye tarakimu 20, yafaa kuwekewa sharti la upekee, lakini si kila mwanachama amekwisha kuipata. PostgreSQL na MySQL kwa kawaida huruhusu mistari mingi yenye safu tupu. SQL Server huruhusu mmoja tu. Kamwe karani asijaze sifuri ili kuziba pengo, kwa sababu sifuri ya pili itakataliwa.

Tena, si kila namba hupaswa kuwa ya pekee kwa nafsi yake. Namba ya stakabadhi ya mazao hurudi kila msimu na katika kila ghala. Sharti lake liwekwe juu ya msimu, ghala na namba kwa pamoja.

Pale ambapo baadhi ya jozi zinangoja ushahidi, PostgreSQL huruhusu upekee uwekwe juu ya mistari iliyohakikiwa tu. Wanachama wapya waandikwe kama waliohakikiwa, ili namba mpya zilindwe tangu siku hiyo, na zilizosalia zishughulikiwe moja moja.

Wajibu wa viongozi

Ndugu Makatibu, fundi hana mamlaka ya kuamua nani ni mwanachama. Orodha ya namba zilizorudiwa ipelekwe mbele ya Bodi, maamuzi yaingizwe katika muhtasari, na kila mwanachama ambaye mstari wake umeguswa aoneshwe salio lake la hisa na mazao kabla ya malipo yajayo. Nanyi wanachama, mnapoitwa kuhakiki namba zenu, njoni na kadi na stakabadhi zenu zote, hata zile zilizochakaa. Huenda karatasi hiyo ikawa ndiyo shahidi pekee wa kilo zenu.